Ngara na Biharamulo: Karne ya Shule, Ng'ombe na Mipaka

Mwaka 1975 kijana wa miaka 15 kutoka Chato, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, alianza kidato cha kwanza katika seminari ndogo ya Katoke, wilayani Biharamulo. Nyumbani alikuwa amechunga ng'ombe na kuuza maziwa na samaki, kama watoto wengi wa upande ule. Jina lake John Pombe Magufuli. Alikaa Katoke hadi 1977, akahamia Lake Sekondari mjini Mwanza, kisha Mkwawa, Iringa. Akafundisha kemia na hisabati Sengerema, akawa mbunge wa Biharamulo Mashariki mwaka 1995, na miaka 20 baadaye akaapishwa kuwa Rais wa Tanzania.

Kisa hicho husimuliwa kama habari ya bidii ya mtu mmoja. Bidii ilikuwapo, hilo halina ubishi. Lakini nyuma yake kuna habari ya wilaya nzima: kwa nini mtoto wa wafugaji wa Chato, wakati Chato ikiwa bado sehemu ya Biharamulo, alipata sekondari kwa mapadri na si kwa serikali, nani alibaki nyuma na ng'ombe, na kwa nini shule chache sana zilibeba matumaini ya watoto wengi mno.

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yanapotoka, maelezo yanayosikika vijijini na maofisini Ngara na Biharamulo, wilaya mbili jirani za mkoa wa Kagera, ni yale yale: wazazi hawana mwamko. Mvulana yuko machungani, msichana kaolewa, baba anakunywa, mama anamtuma mtoto gulioni siku ya mtihani. Utamaduni, wanasema, ndio unaoangusha watoto. Ni lawama yenye chembe ya ukweli, na ndiyo sababu imedumu. Ila historia ya wilaya hizi mbili, tangu enzi za watemi hadi shule za kata, inaonyesha mwamko ukipanda na kushuka mara kadhaa, na kila mara kulikuwa na jambo upande wa shule lililoupandisha au kuushusha.

Kabla ya kengele

Wazungu wa kwanza kuandika habari za nchi hii walikuta tawala zilizojipanga. Mwaka 1861 John Hanning Speke, akielekea kutafuta chanzo cha Mto Nile, alikwama Usuwi, katika eneo ambalo leo ni Biharamulo, akimlipa hongo mtemi Suwarora kabla ya kuruhusiwa kupita. Magharibi yake palikuwa na Bushubi, na mbele zaidi Bugufi, nchi ya Wahangaza, ambao lugha yao inaelewana na Kirundi na ambao kabla ya ukoloni walihesabiwa upande wa Burundi.

Elimu ilikuwapo, ila haikuwa na jengo. Mtoto wa kiume alijifunza ng'ombe kwa kuwachunga: kuwatambua kwa rangi na pembe, kujua majani ya dawa, kujua zizi la nani limekopeshwa ng'ombe na nani, maana mikopo ya ng'ombe ndiyo iliyofunga tajiri na mteja wake. Msichana alijifunza mgomba, mtama na malezi ya wadogo zake. Jioni palikuwa na vitendawili na ngano, na humo watoto walizoezwa kukumbuka na kusema mbele za watu.

Kulikuwa pia na ufundi uliohitaji miaka ya mafunzo. Warongo, wayeyusha chuma wa kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, walikuwa na utaratibu wa kumpokea mwanagenzi, kumwekea miiko na kumpandisha hatua kwa hatua hadi ajue kuvukuta mivuo, kuchagua udongo wa tanuri na kusoma rangi ya moto. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alipofanya utafiti wake kuhusu uyeyushaji chuma mkoani Kagera katika miaka ya 1970 na 1980, alikuta wazee ambao bado waliweza kuonyesha kazi hiyo kwa mikono yao.

Kwa hiyo shule ilipofika haikukuta watu wasiojua thamani ya kufundisha mtoto. Ilikuta watu wenye mtaala wao, na mtaala huo ulimtaka mtoto awe machungani au shambani saa zile zile ambazo mwalimu alimtaka darasani. Mvutano huo wa ratiba haujaisha hadi leo.

Misheni na mpaka

Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kwa jina la White Fathers, walitua Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1883, na Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Kutoka vituo hivyo walisogea bara, na kabla karne ya 19 haijafunga walikuwa wamefika Usuwi na kuanzisha misheni ya Katoke. Wajerumani nao walijenga boma lao Biharamulo, ambalo kuta zake nene bado zinasimama juu ya kilima cha mji.

Darasa la kwanza la eneo hili lilikuwa la katekisimu. Katekista, mara nyingi kijana aliyejua kusoma kidogo tu kuliko wanafunzi wake, alikaa na watoto na watu wazima chini ya paa la nyasi wakisoma herufi, sala na nyimbo. Hakukuwa na mtihani wa taifa. Kipimo cha kufaulu kilikuwa ubatizo, na kwa mtazamo wa mzazi hicho ni kipimo kilichoeleweka: mtoto alirudi nyumbani na jina jipya, jamaa wapya na uwezo wa kusoma barua.

Kisha ikaja siasa ya mipaka. Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika, Uingereza na Ubelgiji ziligawana koloni la Wajerumani kwa mkataba wa Milner na Orts wa mwaka 1919. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji, lakini Bugufi ikabaki Tanganyika, chini ya Waingereza, ingawa Mwami, yaani mfalme, wa Burundi aliendelea kuidai. Kwa mstari huo, watoto waliozungumza lugha karibu moja wakagawanywa katika mifumo miwili ya shule. Wa ng'ambo walisoma kwa Kirundi na Kifaransa. Wa Ngara walianza kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao hawakuwa nayo nyumbani, na waliobahatika kuendelea wakakutana na Kiingereza.

Katika miaka ya 1930 wamisionari Waanglikana wa shirika la CMS kutoka Australia walianza kazi upande huu wa Kagera, na Murgwanza, karibu na mji wa Ngara, ikawa kituo chao kikubwa. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ulivuka mpaka na kuzaa jamii ya walokole: watu walioungama hadharani, walioacha pombe na waliosoma Biblia kila siku. Ndani ya nyumba hizo mtoto alikua akimwona mzazi ameshika kitabu. Ni mageuzi ya utamaduni yaliyoletwa na Waafrika wenyewe kutoka kijiji hadi kijiji, bila agizo la serikali.

Nyuma ya Bukoba

Ndani ya mkoa mmoja palikuwa na ngazi. Bukoba ilikuwa na kahawa, barabara, bandari na shule kubwa za Ihungo na Nyakato. Ngara na sehemu kubwa ya Biharamulo zilikuwa mbali na ziwa, zenye mbung'o na malale katika sehemu kubwa ya mapori. Kutoka Bugufi na Bushubi wanaume walikwenda kwa miguu hadi Buganda kutafuta kibarua katika mashamba ya pamba na kahawa, wakikaa huko misimu kadhaa. Baba akiwa Buganda, mvulana ndiye mwangalizi wa ng'ombe, na mvulana wa namna hiyo hapelekwi shule.

Kahawa iliigeuza hali hiyo kidogo. Wakulima wa Bugufi waliunda chama chao cha ushirika wa kahawa mwaka 1936, kikiwa miongoni mwa vyama vya mwanzo vya Waafrika Tanganyika. Fedha ya kahawa ililipa kodi bila safari ya Buganda, na ikalipa ada. Chama nacho kilihitaji makarani wa kupima, kuandika na kusoma hesabu. Kwa mara ya kwanza mzazi wa Ngara aliweza kuona, pale pale kijijini, kazi inayofanywa na mtu aliyesoma.

Ngazi ya masomo ilikuwa nyembamba. Mtoto alisoma darasa la kwanza hadi la nne, akafanya mtihani, na wengi wakaishia hapo. Wachache waliingia shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, mara nyingi ya bweni na mbali na nyumbani. Baada ya hapo ni wachache zaidi waliofika sekondari. Mzazi aliyekuwa na wavulana watano hakuwa mjinga alipompeleka mmoja tu. Alikuwa amehesabu nafasi zilizopo.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, pengo hilo lilikuwa wazi nchini kote. Kilimanjaro na Bukoba zilikuwa na wasomi. Wilaya za pembezoni zilikuwa na majina machache ya kuhesabika. Na pembezoni hapo hapo wageni waliongezeka: Watutsi waliokimbia Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipewa makazi Muyenzi, Ngara, na watoto wao wakaingia katika shinikizo lile lile la madawati.

Askofu kijijini

Machi 1967 Rais Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba shule ya kikoloni ilimng'oa mtoto kutoka kwao, ikamfundisha kudharau jembe na kuwadharau wazazi wasiosoma. Dawa yake ilikuwa shule yenye shamba, inayofundisha kwa Kiswahili hadi darasa la saba na kumwandaa mtoto kwa maisha ya kijiji.

Rulenge, katika wilaya ya Ngara, ilipata mtu aliyeyachukua maneno hayo kwa uzito usio wa kawaida. Christopher Mwoleka, aliyekuwa askofu wa Jimbo Katoliki la Rulenge kuanzia mwaka 1969 hadi 1996, alihamia kuishi katika kijiji cha ujamaa, akalima na wanakijiji na kuhimiza jumuiya ndogondogo za Kikristo. Kwake kijiji chenyewe kilikuwa darasa, na padri au mwalimu asiyejua kazi ya jirani zake alikuwa na la kujifunza.

Wakati huo serikali ilikuwa imetaifisha shule za madhehebu kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969. Seminari ziliachwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandaa mapadri. Matokeo yake, katika wilaya zisizo na sekondari za kutosha, seminari kama Katoke ikawa mlango wa elimu ya juu hata kwa vijana ambao hawangeupata upadri. Mkoa wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Ulipewa jina la Kagera baada ya vita na Idi Amin.

Kilichowavuta wazazi kwenye seminari kinafaa kutazamwa kwa makini, maana hapa ndipo utamaduni wa shule unapoonekana. Kulikuwa na ratiba isiyobadilika: kengele ya alfajiri, ibada, usafi, darasa, kazi za mikono, michezo, masomo ya jioni. Kulikuwa na chakula. Kulikuwa na maktaba. Mwalimu aliishi hapo hapo, na usiku hapakuwa na ng'ombe wa kutafuta wala mdogo wa kubeba mgongoni. Mtoto yule yule ambaye kijijini angeitwa asiye na mwamko, bwenini alisoma kila jioni kwa sababu saa hizo zilikuwa zake.

Serikali nayo iliamua kupanua mlango wa chini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Nchi nzima wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka takribani milioni 1.2 mwaka 1974 hadi milioni 3.4 mwaka 1980. Walimu wa kutosha hawakuwapo, ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo ya ualimu wakiwa kazini. Ndio walioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Wazee nao walikaa kwenye madawati. Mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosimamiwa na UNESCO kutoka Mwanza kuanzia mwaka 1968, uliihusisha mikoa ya ziwa ikiwemo Ziwa Magharibi, ukiwafundisha wakulima kusoma kupitia pamba, migomba, samaki na ng'ombe.

Ilikuwa miaka ya matumaini makubwa na madarasa yaliyofurika. Mlango wa juu ulibaki mwembamba. Serikali iligawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa ili Kilimanjaro na Bukoba zisizoe zote, lakini sekondari zenyewe zilikuwa chache mno, kwa hiyo darasa zima la shule ya kijijini liliweza kumaliza la saba bila hata mmoja kuchaguliwa. Hapo ndipo mwamko ulipoanza kupoa. Katikati ya miaka ya 1980 ada ilirudishwa, bei ya kahawa ikayumba, na mzazi aliyekuwa amewapeleka watoto wote akaanza tena kuhesabu.

Miaka ya misiba

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwa mara hii, umbali wa Ngara na Biharamulo uliwafaa wakazi wake. Uchunguzi wa mwaka 1987 uliofanywa na Japhet Killewo na wenzake uliwakuta na virusi asilimia 24 ya watu wazima wa Bukoba mjini, asilimia 10 wa Bukoba vijijini na Muleba, na asilimia 0.4 tu katika ukanda wa Ngara na Biharamulo.

Misiba hiyo ndiyo iliyozaa utafiti wa kaya wa mkoa wa Kagera ulioanza mwaka 1991, ukafuatilia watu wale wale na watoto wao mwaka 2004 na 2010, hata walipohamia mikoa mingine au nchi jirani. Vijiji vya Ngara na Biharamulo vilikuwamo. Matokeo yake ni baadhi ya ushahidi bora Afrika Mashariki kuhusu kinachomsogeza au kumzuia mtoto shuleni. Mtoto aliyefiwa na mama alipoteza karibu mwaka mmoja wa masomo na sentimita 2 za urefu, na pengo hilo halikuzibika ukubwani. Waliokuwa tayari shuleni hawakuachishwa kwa wingi kama ilivyodhaniwa. Walioumia ni wadogo, ambao kuanza kwao shule kulicheleweshwa. Mavuno yalipoharibika, saa za kazi za watoto ziliongezeka. Na waliohama Kagera kabisa waliwaacha mbali kimapato ndugu zao waliobaki.

Watafiti hawakukuta kabila fulani lililoichukia shule. Walikuta mama aliyekufa, shamba lililoliwa na wadudu, na mtoto anayeziba nafasi.

Kisha ikaja tarehe 28 Aprili 1994. Ndani ya saa 24 hivi, takribani watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, wilaya ambayo katika sensa ya 1988 ilikuwa na watu karibu 160,000. Makambi yakaota: Benaco, iliyobeba jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, Lumasi, Musuhura, Lukole, Keza, Kitali. Wageni wakawazidi wenyeji kwa idadi.

Shule za wenyeji zilipata pigo la aina yake. Katika siku za mwanzo baadhi ya madarasa yalilaza watu, na madawati yakaishia jikoni kama kuni. Mashirika ya misaada yalihitaji watu wanaojua kusoma, kuandika na kuendesha ofisi, na yalilipa mshahara ambao serikali isingeweza kuukaribia. Walimu wakaacha chaki. Wanafunzi nao waligundua kwamba ndizi na maji ya kunywa yanauzika kambini. Mtafiti Beth Elise Whitaker, aliyechunguza wenyeji wa magharibi mwa Tanzania miaka hiyo, alieleza jinsi fursa na hasara zilivyogawanyika: mwenye shamba kubwa na elimu alinufaika, asiye nacho akazidi kudidimia.

Miaka mingi baadaye mchumi Javier Baez aliitumia ile takwimu ya kaya za Kagera kupima kilichowapata watoto wenyeji waliokuwa karibu na makambi, akiwalinganisha na wale wa mashariki ya mkoa. Magonjwa ya kuambukiza yaliongezeka kwa pointi 15 hadi 20 za asilimia, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikapanda kwa karibu pointi 7, na walipokua, waliokuwa watoto wakati huo walikuwa wafupi kwa sentimita 1.8, wamesoma pungufu kwa 0.2 ya mwaka, na uwezo wao wa kusoma na kuandika ulikuwa chini kwa pointi 7. Watoto hao ndio waliofanya mtihani wa darasa la saba mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, na matokeo yao yalipokuwa mabaya, lawama ilikwenda kwa wazazi.

Ndani ya makambi yenyewe kulikuwa na somo jingine. UNESCO na UNICEF walileta vifaa vya dharura, sanduku moja lenye chaki, mabango, kalamu na mwongozo wa kumtosha mwalimu mmoja na wanafunzi 80, na wakimbizi waliokuwa walimu kwao wakaanza kufundisha chini ya maturubai kabla hata choo hakijachimbwa. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara, ikitangaza kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, vipindi vya elimu vikiwamo. Wanyarwanda wengi walirudishwa Desemba 1996. Wakimbizi kutoka Burundi, waliokuwapo pia, walibaki Lukole hadi mwishoni mwa muongo wa 2000, watoto wao wakisoma mtaala wa Burundi, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa watoto wa Kihangaza waliofundishwa kwa Kiswahili.

Mlango unafunguliwa tena

Ngara ilikuwa moja ya wilaya tano zilizochaguliwa kujaribu MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ulioanza mwaka 1999. Wazo lake lilikuwa dogo na la busara: mtoto aliyepitisha umri akiwa machungani asome kwa miaka mitatu masomo ya msingi, kwa saa zinazokubaliana na kazi za nyumbani kwao, na mwalimu aliyepatikana karibu. Shule iliisogelea ratiba ya ng'ombe badala ya kupigana nayo. Watoto walijaa, na baadhi yao wakaingizwa katika madarasa ya kawaida.

Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) na ada ya shule ya msingi ikaondoka. Nchini kote wanafunzi waliruka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Wale wazazi wasio na mwamko wakapanga foleni ya kuandikisha. Kuanzia 2004 zikaja shule za sekondari za kata, na sekondari ambayo zamani ilikuwa Katoke au mbali zaidi ikawa upande wa pili wa bonde.

Ukaribu huo ulikuwa na bei yake. Majengo yalitangulia walimu, hasa wa hisabati na sayansi, na walimu waliofundishwa kwa wiki chache wakabandikwa jina la vodafasta. Kwa kejeli watu wakaziita shule hizo yeboyebo, na za msingi za serikali Mtakatifu Kayumba. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013 kabla ya kupangwa upya, yaliwapa sifuri takribani asilimia 60 ya watahiniwa wa nchi nzima. Pembezoni kama Ngara na Biharamulo, mtoto aliyeota ndoto kwa Kihangaza au kwa Kisubi, lugha ya Wasubi wa Biharamulo, akasoma miaka saba kwa Kiswahili, alijikuta anajibu baiolojia kwa Kiingereza mbele ya mwalimu ambaye naye alikihofia. Kwa mtahini, huyo alikuwa ameshindwa baiolojia.

Seminari, wakati huo huo, ziliendelea kuongoza orodha za ufaulu. Zilichagua wanafunzi na zilikuwa na mabweni na ada, kwa hiyo kuzilinganisha na shule ya kata bila kusema hayo ni kupunja mizani. Lakini wazazi wa wilaya hizi walikuwa wameyaona mazingira hayo tangu miaka ya 1970 na walijua yana kazi gani. Wakachanga mahindi na maharage ili watoto wale shuleni mchana. Wakajenga hosteli za wasichana ili binti asitembee kilomita kumi gizani au kupanga chumba gulioni.

Kwa wasichana, mlango ulikuwa na kizingiti cha pekee. Aliyepata mimba alifukuzwa, na mwaka 2017 Rais Magufuli, yule yule mwanafunzi wa zamani wa Katoke, alisema hadharani kwamba hatarudi shule ya serikali. Serikali yake ndiyo iliyokuwa imefuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, hatua iliyowafaa pia watoto wa wafugaji. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi.

Biharamulo inajaa

Ramani ya watu nayo imebadilika. Chato imetoka Biharamulo, ikawa wilaya na kisha kuingia mkoa wa Geita mwaka 2012. Hata baada ya kumegwa hivyo, Biharamulo imekua kutoka watu 323,486 katika sensa ya 2012 hadi 457,114 mwaka 2022, ongezeko la zaidi ya asilimia 40. Ngara, iliyokuwa karibu sawa nayo kwa watu 320,056, imefika 383,092, ongezeko la asilimia 20 hivi. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na wahamiaji, hasa Wasukuma waliosogea na mifugo yao kutafuta malisho na ardhi ya kulima.

Mhamiaji hujenga kwanza zizi, kisha nyumba. Shule hufuata miaka kadhaa baadaye, ikiwa kijiji kimeshatambuliwa kisheria. Katika kipindi hicho mtoto wa miaka saba anakuwa mchungaji, na anapofika kumi na moja ndipo darasa linapoezekwa. Anaingia la kwanza akiwa amewapita wenzake kimo, anazungumza Kisukuma, anakaa dawati moja na Msubi na Mhangaza. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili, na mwalimu mmoja ana watoto wanaozidi kwa mbali kiwango cha 45 kwa darasa kilichowekwa na wizara.

Sera mpya ya elimu sasa inayatikisa tena mahesabu ya kila nyumba. Elimu ya lazima imekuwa ya miaka kumi, na shule ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, miongoni mwa wa kwanza kusoma mtaala mpya, watamaliza la sita mwishoni mwa 2027, mwaka ule ule ambao kaka na dada zao waliowatangulia watamaliza la saba. Januari 2028 mikondo yote miwili itaripoti kidato cha kwanza kwa pamoja, na hakuna mtihani utakaowachuja nje ya mlango kama ulivyowachuja baba na babu zao. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zitatakiwa kuwa na madarasa, walimu wa Kiingereza na hisabati, na chakula cha mchana kwa wanafunzi karibu mara mbili ya kawaida. Wazazi nao, ambao kwa miaka mia moja wamekuwa wakiamua ni mtoto gani aende na yupi abaki na ng'ombe, watatakiwa na sheria kuwatoa wote.